Jinsi Soketi Inavyounganishwa na Kituo Chake

Wanafunzi wenzangu, wengi wenu mtaikumbuka siku ile ya michezo ambapo kikombe kilitolewa kwa bweni moja saa tisa, na ilipofika saa kumi na moja kikarudishwa na kupewa bweni jingine. Maneno mengi yalisemwa siku ile. Wengine walinong'ona kwamba waamuzi walipendelea, na wengine wakasema kwamba kompyuta ni vitu visivyoaminika. Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu wa Chama cha Kompyuta tulioandika programu ya kutangaza matokeo, na kosa lilikuwa letu. Nimeona yafaa nieleze lilivyotokea. Sikusudii kujitetea, ila kosa hili huwapata watu wengi waanzapo kazi hii, hata wenye elimu kutupita sisi.

Mambo yalikuwa hivi. Kompyuta moja iliwekwa uwanjani mbele ya mwandishi wa matokeo. Nyingine mbili ziliwekwa bwaloni na katika chumba cha mwalimu wa michezo, ili kila tokeo likiandikwa uwanjani lionekane huko papo hapo. Asubuhi zile mbili ziliwashwa mapema. Ile ya uwanjani betri yake ilikuwa imekwisha, ikachelewa. Mbio tatu za kwanza zikakimbiwa, na mwandishi akaandika matokeo yake daftarini. Kompyuta ilipopata umeme tuliyanakili matokeo yale matatu katika orodha, tukaianzisha programu, nayo ikayasoma na kuyatuma yote matatu kwa mpigo. Hapakuwa na ilani yoyote ya kosa. Tokea hapo matokeo yakaendelea kufika vizuri mpaka jioni.

Katika mbio ya tatu, ile ya mita 800 ya wasichana, mshindi alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza ambaye hakupata kushinda kitu tangu aingie shuleni. Baba yake alikuwa amekaa bwaloni akikitazama kioo, wala hakuliona jina la binti yake. Saa tisa alama zikajumlishwa kwa kufuata kompyuta, na kikombe kikatolewa. Ndipo msichana yule akaenda kwa mwalimu wa michezo, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona mbio yetu haimo?" Daftari likafunguliwa, na aibu ikatupata.

Tulipoichunguza programu yetu jioni ile tuliona kwamba kila amri ilikuwa imejibu kuwa mambo ni salama. Je, kompyuta ilisema uongo? La. Ilisema kweli tupu, ila sisi hatukuelewa ilichokuwa ikisema. Na kisa chote kilikuwa katika jambo moja: kuunganisha soketi na kituo chake.

SOKETI NI NINI?

Programu mbili zikitaka kupelekeana habari, kila moja hapana budi iwe na tundu la kutolea na kupokelea habari hizo. Tundu hilo ndilo liitwalo soketi. Zipo soketi za asili, ambazo kila kompyuta inazo, lakini kuzitumia ni kazi ya taabu, kwani mwandishi wa programu hulazimika kuangalia mwenyewe kama njia imekatika, kama ujumbe umefika nusu, na kama mwenzake bado yu hai. Kwa ajili hiyo wataalamu wameandika maktaba za programu ambazo huibeba taabu hiyo. Sisi tulitumia moja iitwayo ZeroMQ.

Maktaba hii ilianza kutengenezwa mwaka 2007 na kampuni ya iMatix ya huko Ubelgiji. Martin Sústrik na Pieter Hintjens ndio waliojulikana zaidi katika kazi hiyo, na Hintjens, aliyefariki mwaka 2016, ndiye aliyeandika kitabu cha mwongozo wake. Imeandikwa kwa lugha ya C++, lakini yaweza kutumiwa kwa Python, Java na lugha nyingine nyingi. Neno Zero, yaani sifuri, lina maana yake. Katika mitambo mingi ya kupeleka habari huwapo programu ya katikati, mfano wa dalali, ambayo hupokea kila ujumbe na kuugawa. ZeroMQ haina haja ya dalali. Programu hupelekeana habari zenyewe kwa zenyewe. Hilo ni jema, kwa sababu dalali akiugua soko lote husimama. Lakini pasipo dalali, kazi ya kujua barua imefika wapi humrudia mwenye barua. Hilo tulilisahau.

ANWANI YA KITUO

Mahali ambapo soketi hukutana na nyingine huitwa kituo, na kila kituo kina anwani. Anwani yetu ya uwanjani ilikuwa hii:

tcp://192.168.1.20:5555

Tuifananishe na anwani ya posta. Ukitaka kumwandikia mtu barua waandika S.L.P. na namba, kisha mji. Posta ya mji ni moja, lakini masanduku ni mengi, na kila moja lina mwenyewe. Vivyo hivyo, zile namba 192.168.1.20 huonyesha kompyuta ipi, na hiyo ndiyo posta yenyewe. Namba 5555 huonyesha mlango upi wa kompyuta hiyo, na hilo ndilo sanduku. Namba za milango huishia 65535. Neno la mwanzo, tcp, hueleza barua itasafiri kwa njia gani, kama vile tuandikavyo juu ya bahasha "kwa ndege".

Njia zenyewe si moja. Hiyo ya tcp hutumika kati ya kompyuta na kompyuta, ziwe katika chumba kimoja au zitenganishwe na bahari. Iko njia ya ipc, ambayo ni ya programu mbili zilizomo ndani ya kompyuta moja. Katika mitambo ya jamii ya Unix anwani yake huwa kama jina la faili. Tena iko njia ya inproc, ambayo ni ya sehemu mbili za programu ile ile moja, na hii ni ya haraka kupita zote kwa sababu barua haitoki hata nje ya nyumba. Ziko na nyingine, lakini kwa mwanafunzi hizi tatu zatosha.

KUKODI SANDUKU NA KUMTUMA TARISHI

Ili soketi mbili zionane, hapana budi moja ikae mahali panapojulikana na nyingine iende kuitafuta. Ile inayokaa hutumia amri ya zmq_bind. Ni kama mtu aliyekwenda posta akakodi sanduku, akasema, "Mimi nitapatikana hapa." Ile inayokwenda hutumia amri ya zmq_connect. Ni kama mtu aliyemwita tarishi wake akampa anwani, akamwambia, "Nenda mahali hapa, ukatufungulie njia."

Sanduku moja haliwezi kukodiwa na watu wawili. Programu ya pili ikijaribu kukaa katika mlango ule ule, itajibiwa kwamba anwani imekwisha kutumiwa. Lakini matarishi waendao kwenye sanduku moja waweza kuwa wengi sana. Wala soketi haifungwi na kituo kimoja. Soketi ile ile yaweza kuunganishwa na vituo viwili, vitatu au kumi, na kila kimoja kitakuwa na tarishi wake.

Watu wengi hudhani kwamba mwenye kukaa ni lazima awe mpokeaji, na mwenye kwenda awe mtumaji. Sivyo. Nani akae na nani aende ni jambo moja. Habari zitoke wapi ziende wapi ni jambo jingine. Kwetu sisi kompyuta ya uwanjani ndiyo iliyokaa, nayo ndiyo iliyotuma; zile za bwaloni na chumbani kwa mwalimu ndizo zilizokwenda, nazo ndizo zilizopokea. Kanuni nzuri ya kufuata ni hii: kilicho imara, kisichohamahama, ndicho kikae, kinachokuja na kuondoka ndicho kiende. Mwenye duka hukaa dukani, na wanunuzi ndio wanaomwendea.

Katika kuandika anwani, ziko hatari mbili ambazo yafaa zijulikane. Ya kwanza ni ya mwenye kukaa. Akiandika tcp://127.0.0.1:5555, amekodi sanduku lililomo ndani ya chumba chake mwenyewe, kwa maana namba hizo maana yake ni "kompyuta hii hii". Programu zilizomo katika kompyuta yake zitamwona, lakini za nje hazitamwona kamwe. Akitaka kuonekana na wote, aandike nyota mahali pa namba za kompyuta, hivi: tcp://*:5555. Hatari ya pili ni ya mwenye kwenda. Yeye hawezi kutumia nyota, kwani nyota maana yake ni "popote katika kompyuta yangu", na tarishi hawezi kutumwa popote. Hana budi kupewa mahali hasa, ama kwa namba ama kwa jina la kompyuta.

SIFURI MAANA YAKE NINI?

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari. Amri ya zmq_connect ikimaliza kazi yake hujibu kwa namba. Ikishindwa hujibu -1, na ikifaulu hujibu 0. Sisi tulipoona sifuri asubuhi ile, katika kompyuta ya bwaloni na ya chumba cha mwalimu, tulishikana mikono tukasema, "Zimeunganika." Nanyi mtakumbuka kwamba wakati huo kompyuta ya uwanjani ilikuwa haijawashwa! Basi ziliunganika na nani?

Hazikuunganika na mtu. Sifuri ile haikuwa na maana ya kwamba tarishi amefika. Maana yake ilikuwa: "Anwani uliyonipa inasomeka, njia uliyoitaja naijua, nami nimemtuma tarishi." Basi. Kazi ya kufika hufanyika nyuma ya pazia, programu yako ikiendelea na mambo mengine. Tarishi akikuta mlango umefungwa, hakurudii kulalamika. Hungoja kidogo, kisha hujaribu tena. Kwa kawaida hungoja milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Kama huna habari, waweza kukaa siku nzima ukidhani umeunganika, kumbe tarishi wako anazunguka mbele ya mlango uliofungwa.

Msomaji atauliza, "Kwa nini waliotengeneza maktaba hii walifanya hivyo? Kwa nini isingoje mpaka tarishi afike ndipo ijibu?" Sababu yake ni njema. Katika mtandao mkubwa huwezi kujua ni kompyuta ipi itawashwa kwanza. Kama kila moja ingeshindwa kwa sababu mwenzake hajaamka, ingelazimu kuziwasha kwa zamu maalumu, na moja ikizimika zote zianze upya. Kwa mpango huu hakuna haja ya zamu. Yeyote aweza kuamka kwanza, na njia ikikatika katikati ya mchana tarishi huirudisha mwenyewe pasipo kuambiwa. Njia ya inproc peke yake ndiyo iliyokuwa haifuati kanuni hii: huko ilikuwa sharti mwenye kukaa atangulie. Tangu toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2013, hata huko zamu haitakiwi.

Basi ni makosa gani amri hii hukataa? Ni yale yaliyo katika maandishi yenyewe. Ukiandika anwani isiyosomeka, itakataa. Ukitaja njia isiyoijua, itakataa. Ukichagua njia isiyopatana na aina ya soketi yako, itakataa. Lakini ukikosea tarakimu moja ukaandika 5556 badala ya 5555, haitakataa kitu, kwa sababu hiyo nayo ni anwani halali. Tarishi atakwenda huko, na kama hakuna mwenyewe atazunguka huko milele.

Hata mlango ukiwa wazi, tarishi haingii kama mwizi. Kwanza kompyuta mbili husalimiana kwa desturi ya tcp, nayo ina hatua tatu, mfano wa hodi, karibu, na ahsante. Baada ya hapo soketi zenyewe husalimiana kwa salamu ya baiti 64, ambayo hutaja toleo la desturi wanayofuata na namna ya ulinzi. Kisha kila mmoja humwambia mwenzake yeye ni soketi ya aina gani. Yote hayo yaisha kwa kitambo kidogo sana kwa macho yetu, lakini si kidogo kwa kompyuta. Katika kitambo hicho programu yaweza kuwa imekwisha kutuma mamia ya barua.

BARUA HUNGOJA WAPI?

Kama tarishi bado hajafika, na programu imekwisha kutoa barua, barua hiyo huwekwa wapi? Jibu hutegemea aina ya soketi, na hapa ndipo wengi hujikwaa.

Aina ya kwanza ni PUSH na PULL. PUSH hugawa kazi, na PULL hupokea kazi. Kama PUSH ndiye aliyemtuma tarishi, hufunguliwa foleni mara tu amri ya zmq_connect inapojibu, hata kabla ya mlango kufunguliwa. Barua zitapangwa katika foleni hiyo, na tarishi atakapofika zitakwenda zote. Kwa kawaida foleni yaweza kubeba barua 1000. Ikijaa, programu husimamishwa isitoe nyingine mpaka nafasi ipatikane. Lakini kama PUSH ndiye aliyekaa, na hakuna tarishi hata mmoja aliyefika, foleni haipo kabisa. Naye husimama na kungoja mtu. Kwa vyovyote barua haitupwi.

Hata hivyo, jihadhari. Tuseme PUSH ameunganishwa na vituo vitatu, na kimoja chao hakipo. Yeye hugawa barua kwa zamu: moja kwa wa kwanza, moja kwa wa pili, moja kwa wa tatu. Kwa kuwa foleni ya yule asiyekuwapo imekwisha kufunguliwa, atawekewa fungu lake kama wengine, na theluthi moja ya kazi yako italala hapo ikimngoja asiyekuja. Dawa ya hilo ni kuweka sharti liitwalo ZMQ_IMMEDIATE liwe 1, ndipo barua zitapangwa kwa wale tu ambao tarishi amekwisha kufika kwao.

Aina ya pili ni REQ na REP, yaani muulizaji na mjibuji. Hawa hufuata adabu kali: swali moja, jibu moja. REQ haruhusiwi kuuliza swali la pili kabla hajajibiwa la kwanza.

Aina ya tatu ni PUB na SUB, na hiyo ndiyo tuliyoitumia. PUB ni mtangazaji, na SUB ni msikilizaji. Mtangazaji husema mara moja, na kila msikilizaji hupata nakala yake. Mfano wake hasa ni redio. Mtangazaji wa redio hamngoji mtu. Kama redio yako ilikuwa imezimwa saa ya habari, habari zimekupita, wala hazikungojei hewani. PUB naye ndivyo alivyo: asipokuwapo msikilizaji, barua hutupwa, wala hakuna ilani, kwa sababu kwake hilo si kosa. Tena msikilizaji hana budi kusema anataka kusikia nini. Asiposema, hatapata kitu hata akiwa ameunganika vizuri.

Sasa mwaweza kuona wenyewe lililotupata. Matarishi wa bwaloni na wa chumba cha mwalimu walikuwa wakizunguka tangu asubuhi, wakijaribu mlango kila sehemu ya kumi ya sekunde. Kompyuta ya uwanjani ikaamka, ikakodi sanduku lake, na papo hapo ikasoma matokeo matatu na kuyatangaza. Kazi hiyo ilikwisha kabla tarishi yeyote hajabisha hodi. Hapakuwa na msikilizaji hata mmoja, basi matokeo yakatupwa. Kitambo kidogo baadaye matarishi wakafika, wakasalimu, wakaeleza wanachotaka kusikia, na tangu tokeo la nne kila kitu kikaenda sawa. Kila amri ya kuunganisha ilijibu sifuri, na kila sifuri ilikuwa kweli. Jina la mshindi wa mita 800 lilitangazwa katika nyumba isiyo na watu.

DAWA YAKE

Siku ya pili mmoja wetu alipendekeza dawa rahisi: programu ilale sekunde moja kabla ya kuanza kutangaza. Tulijaribu, na matokeo yote yakafika. Lakini mwalimu wetu alituuliza, "Na kama siku hiyo mtandao ni mzito, sekunde moja itatosha? Na kama kompyuta ya bwaloni ikizimika saa sita na kuwashwa saa saba, je?" Tukanyamaza. Kulala ni kukisia, na kukisia si kujua.

Dawa ya pili ni kuitikiana. Tulifungua mlango mwingine, namba 5556, wa maswali na majibu. Mtangazaji kwanza hurudiarudia neno moja: "Mpo?" Msikilizaji akilisikia neno hilo, ndipo apelekapo jibu kwa mlango wa pili: "Nipo." Angalieni kwamba hapeleki jibu kwa sababu zmq_connect imemjibu sifuri, bali kwa sababu amesikia kwa masikio yake. Mtangazaji akiisha kuhesabu wasikilizaji wake wote, huanza kazi. Hili huondoa hatari ya mwanzo, lakini haliondoi hatari ya katikati ya mchana.

Dawa ya tatu ndiyo tunayoitegemea sasa. Kila tokeo hupewa namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Mtangazaji huweka nakala ya yote. Msikilizaji akipata namba 4 na hajapata 1, 2 wala 3, hujua mara moja kwamba kuna pengo, naye huuliza kwa mlango wa pili: "Nipe yaliyonipita." Kadhalika, ili pengo la mwisho lisifichike, mtangazaji hutaja kila dakika namba ya tokeo lake la mwisho. Kwa mpango huu hata kompyuta iliyochelewa saa nzima yaweza kulingana na wenzake. Hii haina tofauti na barua ya rejista: mwenye kutuma hapati amani kwa kuwa ameitia barua sandukuni, bali kwa kuwa amepata hati yenye sahihi ya aliyeipokea.

Mwenye kompyuta aweza kulihakikisha jambo hili mwenyewe kwa majaribio mawili. Katika la kwanza, andika programu ya PUSH, uiunganishe na tcp://127.0.0.1:5555 pasipo mtu upande wa pili, itume barua tatu, na uiache ikiwa wazi. Hutaona kosa lolote. Kisha anzisha PULL akae katika mlango huo, nawe utaona barua zote tatu zikifika. Katika la pili, anzisha SUB kwanza, umwambie apokee kila kitu. Baadaye anzisha PUB, akae, na atume barua tatu pasipo kungoja. SUB hataonyesha kitu. Sifuri ni zile zile katika majaribio yote mawili, lakini barua za kwanza zilitunzwa, na za pili zilitupwa.

Juma lililopita tuliijaribu programu yetu mpya mbele ya mwalimu wa michezo. Tuliizima kompyuta ya bwaloni katikati ya kazi, matokeo matano yakapita, kisha tukaiwasha. Ikaona pengo, ikauliza, ikapewa yote matano. Mwalimu alifurahi, lakini amesema kwamba siku ya michezo daftari la mwandishi litakuwapo mezani kama zamani, na alama hazitajumlishwa mpaka zilinganishwe nalo. Nasi tumekubali.

Kuuliza si ujinga. Sisi watatu tuliona sifuri tukaridhika, wala hatukuuliza imetoka wapi na maana yake nini. Aliyeuliza ni msichana wa kidato cha kwanza asiyejua soketi ni kitu gani, na kwa swali lake moja kosa likaonekana. Nanyi wenzangu mtakaoandika programu za kupelekeana habari, mkijibiwa kwamba mmeunganika, ulizeni tena: ni nani aliyeipokea barua, na hati yake iko wapi?